Mama Vituko wa Chumba cha Kufulia

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, umeme ulipokupiga kwenye mashine ya kufulia mashuka kule hotelini. Mwaka umezunguka, mke wangu, na sisi bado tunasikilizia mlango kama vile umechelewa tu kutoka zamu.

Ulikuwa dobi miaka mingi, mikono inanukia sabuni hata siku ya mapumziko. Lakini watu walikuita Mama Vituko, maana kila kichekesho kilichozunguka mtandaoni lazima kipite kwako ndipo kifike kwenye kundi la familia. Yule jogoo aliyejiona kwenye kioo cha pikipiki akataka ngumi, ulitutumia mara tatu kwa wiki moja. Mdogo wako akalalamika kwamba unamaliza bando za watu. Ukamjibu, "Basi na wewe cheka mara tatu, usipate hasara."

Sheria yako tuliijua. Vikatuni vya kucheka, vile vya kubonyeza kwenye simu, hukuvitaka, ulitaka mtu ajirekodi sauti acheke kwa mdomo wake. Kicheko cha kidole, ulisema, si kicheko. Hata mama mkwe wako, ambaye nusu ya mambo yale hayaelewi, alikuwa anacheka kwanza, kisha anauliza kulikuwa na nini. Mimi ulinitania kwamba nacheka kama gari bovu linalogoma kuwaka.

Shule sikufika mbali, na hukunisimanga kwa hilo. Vichekesho vya maandishi ulinisomea umeegemea bega langu, unabadilisha sauti, mara hakimu, mara mlevi. Siku hizi ananisomea binti yetu, na haya ananiandikia yeye. Anasoma vizuri kukushinda, ila ile sauti ya mlevi hana. Na kaka yako akituma kitu cha kuchekesha, nageuka upande wako nikuonyeshe. Nakuta ukuta. Simu inajizima mkononi, nami nimekaa tu.

Ijumaa kabla ya siku ile ulipiga picha waya wa mashine uliochunika, umezungushiwa mfuko wa plastiki. Ukaiweka kwenye kundi la kazini, wakubwa wote wamo, ukaandika: "Wakubwa wangu, mgonjwa kafungwa bendeji, anamsubiri daktari." Ndivyo ulivyozoea kusema mambo mazito, mtu akusikie bila kununa. Msimamizi wako akajibu kwa kikatuni cha kucheka. Meneja naye akaweka chake. Fundi umeme hakuitwa.

Wenzako wametueleza kwamba Jumanne ile uligoma kuiwasha. Ukawaambia, "Kazi yangu kuwachekesha watu, sitaki kuwaliza." Ndipo simu ya ndani ikaita, amri ikatoka juu kwamba wageni wanataka mashuka, mashine iwashwe hivyo hivyo. Ukaenda wewe, kwa sababu mwenzako wa zamu alikuwa mjamzito na hukutaka asogee pale.

Wakubwa walileta shada la maua na karatasi inayosema marehemu hakuchukua tahadhari. Wewe, uliyewaonyesha mpaka picha. Maua yalikauka. Karatasi wameniletea mara mbili niweke dole gumba, nimekataa, na nitaendelea kukataa.

Nimekwenda ofisini kwao mpaka mlinzi ananiita mjomba. Msimamizi anasema alipokea amri, jina hataji. Meneja anasema hakuwepo. Waliotumwa kuchunguza wanasema wanachunguza.

Unakumbukwa na mimi mumeo, binti yako fundi cherehani, mwanao aliyeko masomoni, mama yako mzazi, mama mkwe wako, kaka yako, mdogo wako, wifi zako wote na madobi wenzako wa zamu ya asubuhi. Hakuna siku inayopita katika nyumba hii bila wewe kutajwa, wala haitakuwepo.

Nasi tunauliza hapa, mbele ya kila anayesoma: ni mkubwa gani aliyeshika ile simu, akasema iwashwe hivyo hivyo?