Vigingi Ulivyoviacha Nyamasaria

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha yetu ya kazini. Kwa Dholuo ningekuwa nimeshalia kabla ya mstari wa pili, na karatasi hii ni ile nyembamba ya kuchorea ramani, haivumilii maji. Wewe mwenyewe ulisema mjengoni ni Kiswahili tu, maana fundi Wafula ametoka Bungoma na wasaidizi wake wametoka kila pembe, na ukuta ukipinda hauulizi nani hakuelewa. Basi na hii ni barua ya mjengo. Nimekwama. Nimechanganyikiwa kabisa, na mtu ambaye ningemuuliza ni wewe.

Habari za nyumbani kwanza. Mama hajambo, ila bado haruhusiwi kuingia nyumba za watu mpaka desturi imwachilie, kwa hiyo ananituma mimi kila mahali halafu ananinunia nikichelewa. Miwani yako tumeipata ndani ya mkebe wa misumari. Nani huweka miwani kwenye misumari, Baba? Ofisini nakaa kwenye kiti changu, si chako. Juzi mteja aliingia akauliza, "Mzee yuko?" Nikamjibu, "Ametoka kidogo." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Yule mtu akaketi kungoja, na mimi nikaketi naye, tukangoja wote wawili.

Sasa ya ploti. Vigingi vyako bado viko Nyamasaria na kamba imeanza kuoza kwa umande. Mvua iko karibu. Wafula anataka kujua achimbe msingi au asichimbe. Akifuata kamba yako, flati zitatazama ziwa, kama ulivyotaka tangu mwanzo. Akifuata ushauri wa Bi Rukia, yule mtaalamu wako wa joto la nyumba, jengo zima litageuka na kulipa ziwa ubavu. Ramani iko mezani kwangu. Jumamosi baba mdogo Ouma anakuja kutoka Seme, na ni lazima nimwambie kitu. Nikikosea, kuna familia zitakazolala ndani ya kosa langu, watoto wao wazaliwe humo na wakue humo.

Unaikumbuka siku ya vigingi? Mimi siisahau. Umejengea watu maisha yako yote, na hili lilikuwa jengo lako la kwanza, kwa hiyo hukutaka kulianza hivihivi. Ulikuja na jogoo. Ulikuja na shoka na moto ndani ya chungu, kama mtu anayefungua boma lake kijijini. Flati za kupangisha, Baba! Majirani walisimama barabarani wakicheka, na mwenye kioski akauliza kama wapangaji nao wataletewa ng'ombe. Shoka hubebwa na mtoto wa kiume wa kwanza, na wewe hukuwa na wa kiume, ukanikabidhi mimi. Baba mdogo alikunja uso mpaka nikaogopa. Ulimwambia, "Huyu ndiye ananichorea nyumba, huyu ndiye atabeba." Kisha ukapiga vigingi kwa mkono wako, pembe zote nne, upande mrefu ukielekea ziwani. Ulisema mtu akitoka kazini amechoka, afungue mlango wa nyuma, alione ziwa, moyo utulie. Nilikupenda sana siku hiyo, ingawa nilikuwa na aibu na nilitamani jogoo anyamaze.

Bi Rukia ulimleta baada ya hapo. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Ulikutana naye Kombewa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali, akiwa amening'iniza vipimajoto ukutani na dirishani. Ulirudi ukiwa na furaha ya mtoto. Ulisema kuna mama wa hapahapa Kisumu, amesomea joto la nyumba, kazi yake ni kukaa na wachoraji kabla jengo halijaanza na kuwaambia jua litaingia wapi, upepo utapita wapi, stima itatumika kiasi gani, na likiisha analipima na kulipa alama kama mtoto wa shule. Ulimwita aje kuona ploti. Alifika na buibui yake na viatu vya mpira, akatembea kufuata kamba, akatazama jua, akatazama vigingi.

"Mzee, mngeniita kabla ya hivi," alisema.

Alieleza taratibu kwamba jua la jioni lingepiga ule upande mrefu wote, kila chumba cha kulala, na mawe yangetunza lile joto mpaka watu wanapopanda kitandani. Ukiligeuza jengo, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, jua lingeangukia ukuta mfupi tu. Ulimwambia kwamba huku watu wamezoea joto. Naye akakuomba jambo moja, umpeleke kwenye jengo lolote linalotazama ziwa.

Ulimpeleka Migosi. Sijui ulichokuwa unafikiria. Labda ulitaka kujivunia, maana zile flati ulizijenga mwenyewe miaka ya themanini na ulikuwa unapunguza mwendo kila tukizipita. Tulipanda juu kwa Mama Benta, mpangaji wa zamani, saa kumi jioni. Tulimkuta kwenye korido na jiko lake na watoto wake na magodoro. Ulimsalimia ukamuuliza kama analifurahia ziwa. Akacheka, masikini, hakujua aliyejenga ni nani.

"Ziwa tunaona sawa, Mzee. Lakini saa kama hii, hii nyumba inatufukuza."

Bi Rukia alikuonyesha ukuta wa chumba cha kulala na kukuomba uweke kiganja. Ukakiweka. Ukakiacha pale muda mrefu, kama unavyompima mtoto homa, na nikaona shingo yako imelegea. Tulipokuwa tunashuka ulimuuliza, "Umenipa alama ngapi?" Akasema, "Sijakupa wewe, Mzee. Nimeupa ukuta." Ukacheka kwa sauti. Lakini tulipofika nyumbani ulikataa chakula.

Kuanzia hapo sikuelewi tena. Kwangu mimi ulisema, Jumanne ile, ukiwa umesimama mlangoni mwa ofisi: "Vigingi vyangu visiguswe." Ulisema kwa ukali, nami nikakasirika, nikainamia ramani. Mama anasema jioni hiyohiyo ulimwambia yule mwanamke ana akili. Bi Rukia anasema ulimpigia simu ukamwomba aje Alhamisi mkae mzungumze vizuri. Wafula anasema ulimwambia anoe jembe, kazi inaanza, hukutaja upande. Alhamisi haikukukuta. Ulianguka Jumatano bafuni, na daktari akasema ni presha. Sasa kila mmoja wetu ana Baba wake, na hawa akina Baba hawapatani.

Bi Rukia alikuja matanga. Alikaa na wanawake chini ya turubai, akala nasi, akamshika Mama mkono. Nilimwona akigusa ukuta wa nyumba yako ya kijijini alipodhani hakuna anayemwona. Nilitaka kucheka, nikalia. Nilipomuuliza tufanye nini alisema, "Mambo ya jua nayajua. Hayo mengine ni ya kwenu. Mkiamua, niiteni." Hata yeye, Baba! Nilidhani wataalamu hawakosi jibu.

Na mambo ya kwetu hayajulikani. Baba mdogo anasema kigingi cha mtu aliyekufa hakitolewi ardhini, ni chira, laana ya kuvunja mwiko, itafuata watoto. Mzee mmoja akamjibu kwamba flati si boma, huwezi kuleta chira kwa wapangaji ambao hata hawajui jina lako. Mwingine akasema jogoo alipoletwa pakawa boma, mjini au kijijini. Walibishana mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyewahi kusikia mtu akifungua boma la gorofa tatu. Ni wewe tu, na hukutuachia maelezo.

Halafu kuna hili. Jana nilikwenda ploti peke yangu. Kigingi cha pembe ya upande wa barabara kimetoka. Kimelala pembeni ya shimo lake, kisafi, hakikuvunjika. Vingine vitatu vimesimama wima. Mlinzi anasema ni ng'ombe aliyejikwaa kwenye kamba. Wafula ameapa kwamba ni wewe, alikuona asubuhi ile ya Jumatano umeinama pale, ila alikuwa mbali na hakuona mikono yako. Nilichuchumaa nikakitazama mpaka miguu ikafa ganzi. Ulikuwa umeanza kuving'oa? Ulitoa kimoja ukachoka, ukasema vingine kesho? Au ulikuwa unakikaza tu? Au ni ng'ombe kweli, na mimi nakaa hapa nikimlilia ng'ombe? Nakukasirikia, Baba. Nasema wazi. Mtu hawezi kuondoka na kigingi kimoja nje na vitatu ndani.

Sikukigusa.

Leo nimekaa na ramani tangu asubuhi. Sikuwa nachora, nilikuwa nachezea tu. Nimechukua karatasi nyingine hii nyembamba, nikaichora flati yako ileile, kisha nikaiweka juu ya ya kwanza, nikachoma pini katikati, nikaanza kuizungusha. Nilipofika robo ya mzunguko mkono wangu ukasimama. Jengo lililogeuka limelala juu ya lako kwa umbo la msalaba, na pembe zako nne zote zimebaki nje. Hakuna ukuta unaovigusa vigingi. Viwili vinabaki uwanja wa mbele, viwili uwanja wa nyuma. Wafula anaweza kuchimba msingi wote bila kung'oa hata kimoja.

Nimepima upya, maana sikujiamini. Ni kweli. Nimehamishia ngazi kwenye ule ubavu mfupi wa magharibi, na ukuta wake uwe wa matofali ya matundu. Bi Rukia aliwahi kusema jua la jioni litafutiwe mahali pa kupiga pasipolaliwa na mtu, basi na lipige ngazi. Ila ziwa limetoka madirishani. Utalionea pale ngazi zinapokata kona, kila gorofa, ukiwa unapanda na mzigo wako. Si mlango wa nyuma ule uliousema. Nimejitahidi, sikupata njia ya kukupa vyote.

Na sijui kama hapa nimekutii au nimekuzunguka. Ulisema visiguswe, na havitaguswa. Lakini ulimaanisha vigingi, au ulimaanisha ziwa? Nakuachia hapa, giza linaingia na Mama ameanza kuita.

Baba, ni Jumapili sasa, nimerudi kumalizia.

Baba mdogo alikuja jana na fimbo yake. Nilitandaza karatasi zote mbili juu ya boneti ya gari la Wafula nikamzungushia ile ya juu. Hakutazama sana. Akaenda kwenye kigingi cha kwanza, akakigusa kichwa kwa fimbo, akaenda cha pili, cha tatu. Kwenye kile cha barabarani akasimama.

"Na hii ametoa nani?"

Nikasema sijui. Mlinzi akataka kusema ng'ombe, Wafula akataka kusema Mzee, na baba mdogo akainua mkono kuwazuia. Alivua kofia. Nilijiandaa kwa maneno ya chira. Alikitazama kile kipande cha mti, na nikaona kidevu chake kinatetemeka. Wewe ni kakake, nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimejiona mimi peke yangu ndiye nimepotelewa.

Kisha akanigeukia. "Siku ile nilikasirika juu ya shoka," akasema. "Lakini wewe ndio ulibeba. Sema wewe."

Nilisema ligeuke. Wafula hakungoja nirudie, alivuta kamba mpya palepale.

Asubuhi nimempigia Bi Rukia simu kutoka kibanda cha nje ya posta. Atakuja kesho, kabla ya jembe la kwanza, na amesema safari hii atakaa mezani nami mpaka madirisha yaishe, kisha dari, kisha rangi ya bati. Watu wakishahamia ndani ataning'iniza vipimajoto vyake na kutupa alama. Naogopa alama hizo kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

Kile kigingi nimekiacha kilivyolala. Kukirudisha shimoni ni kukusemea, na kukiokota ni kukusemea pia. Wafula ameambiwa apite mbali nacho na mikokoteni yake. Ukinijia ndotoni, hilo ndilo nitakuuliza kwanza, kabla hata ya kukusalimu, unisamehe kwa utovu huo wa adabu.

Lala salama, Baba. Ulizoea kuniita Mama, kwa kuwa nilipewa jina la mamako, na tangu uondoke hakuna anayeniita hivyo. Nakuahidi hivi. Mpangaji wa kwanza akishaingia, nitabisha hodi kwake saa kumi jioni, nimwombe ruhusa, niweke kiganja kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Nitakiacha pale muda mrefu, kama ulivyofanya wewe. Ukuta ukiwa baridi nitakuja Seme, kaburini kwako, kukuambia. Ukiwa moto pia nitakuja.

Binti yako na mchoraji wako,
Akinyi