Saa ya Mwezini Aliyoivaa Festo

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, joto limekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga.

Leo shemeji yangu Gaudensi ameniita mwizi. Hakulitamka neno lenyewe, lakini nililisikia.

Humu mtandaoni hakuna anayenijua kwa jina, kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo. Nisipoandika nitapasuka.

Mume wangu Festo alikuwa fundi wa madishi hapa Temeke. Maisha yake yote alipanda mapaa ya watu, anageuza dishi kidogo huku, kidogo kule, anasubiri mwenye nyumba apige kelele toka sebuleni kwamba picha imekuja. Akirudi nyumbani stori zake ni za huko juu: setilaiti, roketi, na hasa wale watu waliokwenda mwezini. Kwenye simu yake alikuwa na picha ya saa waliyoivaa. Nyeusi, ina visaa vitatu vidogo ndani ya uso wake. Aliitazama ile picha kama wengine wanavyotazama picha za viwanja. Alijua hataipata, wala hakulalamika.

Kisha figo zikafeli. Hospitali, nyumbani, hospitali. Siku daktari aliponiita pembeni akaniambia nijiandae, nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Kariakoo.

Muuza saa hakunificha. "Dada, hii ni kopi. Kopi nzuri, lakini kopi." Mgongoni walikuwa wamechonga mwezi na kiroketi. Nikainunua.

Na mie sikumficha Festo. Nilimvalisha pale kitandani, mkanda ukazunguka ukabaki unaning'inia kwa jinsi mkono ulivyokwisha. Nikamwambia, "Mume wangu, sio yenyewe." Akaigeuza, akautazama ule mwezi.

"Hata mie sio yule mwenyewe," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Baada ya siku chache akaja Gaudensi, mdogo wake wa pekee. Walikuja Dar pamoja kutoka Mbinga wakiwa vijana. Festo akapanda mapaa, Gaudensi akasomeshwa na mapaa hayo hayo. Sasa ana ofisi Mikocheni na nyumba Mbezi Beach. Ni mtu mwema, sitaki nimsingizie. Akaiona saa.

"Kaka! Hiyo ni yenyewe?"

Mie nilikuwa mlangoni na trei ya chai.

"Yenyewe kabisa," Festo akajibu. "Shemeji yako kaniletea."

Gaudensi akapiga mluzi. Akaomba aijaribu, hata kidogo tu. Festo akakataa! Akauficha mkono chini ya shuka kama mtoto mwenye kitu kipya. Siku ile alimaliza chakula chake chote.

Gari la mdogo wake lilipoondoka, akasema bila kunitazama, "Usinikasirikie, mama. Nilitaka mara moja tu yule dogo atamani kitu changu."

Ningekasirikaje?

Alifariki kabla ya Pasaka. Siku ya kumaliza matanga wazee wakagawa vitu vyake, saa wakampa Gaudensi. Sikusema kitu. Nilidhani ni kumbukumbu tu, na kumbukumbu haipelekwi ikapimwe.

Wala hakuipeleka ikapimwe, maskini. Ilisimama. Akampelekea fundi mjini, fundi akaifungua, akacheka mbele ya wateja.

Leo ameingia bila kuniamkia. Gaudensi, ambaye hajawahi kuacha shikamoo yake hata nilipomwambia kwamba tunalingana umri. Akaiweka saa mezani.

"Shemeji, saa ya kaka iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

"Hii ni feki. Nakuuliza ya kaka."

"Hakukuwa na nyingine, Gaudensi."

"Aliniambia kwa mdomo wake ni yenyewe. Sasa unataka kusema kaka alinidanganya? Yuko kitandani anakufa, halafu ananidanganya mie?"

Jibu nilikuwa nalo. Neno moja tu, ndiyo, na ningekuwa msafi.

Nikamtazama. Kidevu kilikuwa kinatetemeka. Mtu huyu akitaka saa ananunua kesho, na nyingine ya akiba. Hakuja kudai saa. Alikuja kuniomba nisimharibie kaka yake.

"Hakukudanganya," nikasema. "Mie ndiye niliyemdanganya yeye. Nilimwambia ni ya kweli, akaamini. Amekufa anaamini."

"Ulimfanyia hivyo mgonjwa?"

Nilikuwa naangalia kitambaa cha meza.

Akaichukua, akaivaa hivyo hivyo ikiwa imesimama, akaipangusa kwa kidole gumba. Mlangoni akasema, "Usinipigie tena simu," na sauti yake haikuwa ya hasira. Afadhali ingekuwa ya hasira.

Nimekaa kwenye kochi tangu saa ile. Kuna wakati nasema nimefanya vizuri, Festo ameondoka na jina lake zima. Kuna wakati nasema nimekuwa mjinga, kwamba Gaudensi ni mtu mzima, angelia, angesamehe, pengine angecheka na kusema kaka alikuwa mtundu mpaka mwisho. Sikumpa nafasi hiyo. Sijui. Najua tu kwamba ana kicheko cha Festo, kile kinachoanzia puani, na ndiyo maana tangu msiba nilikuwa nasubiri Jumapili zake, anapopita hapa baada ya misa, tunakula, ananisimulia mambo ya Mbinga.

Nimepoteza wote wawili.

Kesho ni Jumapili. Nitapika chakula cha mtu mmoja.