Papa amemeza

Jumanne, mtaa wa Lumumba

Amemeza. Naandika hilo kwanza, kama habari kubwa ya siku.

Tangu apooze upande wa kushoto na maneno kumtoka kwa shida, Papa, baba yetu, alikuwa anauacha uji shavuni. Muuguzi aliandika kwenye fishi, karatasi yake ya matibabu: "Hawezi kumeza." Leo mchana alileta mpira wa kumlishia kupitia puani, akasema tujaribu mara ya mwisho.

Hilo "hawezi" lilinikera tangu juzi. Tulichoona ni kwamba hakumeza. Sababu hakuna aliyeiuliza, hata mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza.

Dada yangu Furaha alishika kijiko. "Papa, meza basi."

Papa akamkazia macho, kisha akauvuta mkono wake mbovu kwa ule mzima, akijaribu kuikutanisha.

Furaha akacheka kidogo. "Ee, siye tulisahau. Hatujaomba."

Siku zote hizo tulimlisha haraka haraka, bila sala, mtu ambaye kule kijijini Bogoro alitupokonya sahani utotoni kwa kosa hilo hilo.

Furaha akaomba. Papa akasema "Amina" kwa ulimi mzito. Nikatazama koo: likapanda, likashuka. Vijiko sita, na hakukohoa.

"Muzee, ulitutesa," muuguzi akasema, akirudisha mpira kwenye mfuko.

Papa akanigeukia polepole. "Na weye, mwandishi wa habari, hukuuliza?"

Maji bado yanamkoholesha, na hilo linanitia wasiwasi. Fishi imesahihishwa.