Wale Wawili Wamezeeka, Somoe

Somoe,

Sikuulizi hali, maana najua ulipo na namjua aliyekupeleka. Nataka kukueleza tu kwamba ile picha ya Kihindi ya wanawake wawili marafiki imekuja tena Nachingwea, safari hii sehemu ya pili, nami nimekwenda kuitazama bila wewe. Heri nisingekwenda.

Ya kwanza unaikumbuka. Ilikuwa miaka ile ya karanga, trekta zinanguruma kutwa, na sisi tumeolewa juzijuzi tu. Tulitoka Chiola kwa miguu tukiwa na kanga mpya, tukakaa upande wa wanawake, na karani wa dukani akasimama kando ya shuka jeupe kutueleza wanachosema. Wale wa kwenye picha wakianza kuimba, yeye anakaa chini. "Hapa wanaimba tu," anasema. Ulicheka mpaka mama mmoja akakufinya. Halafu wale mabinti walipoagana kisimani, mmoja anakwenda kuolewa mbali, ukalia, nami nikakutania kwamba machozi yako ni ya bei rahisi. Njiani ukanijibu, "Tukiwa vikongwe wewe ndiye utakuwa mkorofi. Mimi kazi yangu itakuwa kukuvumilia."

Sasa trekta hazingurumi tena. Wazungu wa karanga wengi wamekwenda zao, mashine zao zinaliwa na kutu, na watu wanapanda mikorosho. Mimi nimeingia kisomo cha wakubwa, ndiyo maana unaona naandika kwa mkono wangu, ingawa mistari inapanda na kushuka. Karani ni yule yule, ila ameota kitambi. Na wale mabinti ni wale wale, wamepakwa kitu cheupe kichwani, nadhani ni unga, wakapewa na fimbo, basi tuamini wamezeeka. Nilitaka kucheka. Nikageuka nikwambie, na mahali pako alikuwa amekaa mwanamke nisiyemjua, anatafuna muhogo mbichi.

Katika picha hii mmoja anamsingizia mwenzake jambo la aibu mbele ya watu. Basi wanagombana, vikongwe wazima, mtungi unapasuliwa, na karani akasema matusi mengine hawezi kuyatamka mbele ya mama zake. Wananuniana muda mrefu. Mwishoni wanakaa barazani kuchagua mawe kwenye mchele. Hakuna anayeomba radhi. Mmoja anasukuma tu ungo kwa mwenzake ili wauchambue pamoja. Wanawake wote waliokuwa karibu yangu walilia. Mimi nilikaa nimeuma meno kwa hasira. Wale walipata muda wa kugombana, Somoe. Wewe ulinikosea, ukafa siku hiyo hiyo.

Nayasema wazi, maana hapa Chiola kila mtu anayasema pembeni. Uchungu ulikushika, siku zikapita, mtoto hatoki. Unajua kwetu inavyokuwa. Mwanamke akikawia kujifungua, wanasema amefanya uzinzi, na mtoto atabaki amefungwa humo mpaka mama amtaje mwanamume. Nilisema ufungiwe machela upelekwe misheni, kule wakunga wapo na dawa zipo. Mama mkwe wako akanijibu kwamba asiyezaa hana la kusema mbele ya wazazi. Kisha akakuinamia: "Taja, mwanangu. Taja mtoto atoke."

Hukuwa na la kutaja. Ulikataa na kukataa, na wao hawakuchoka. Mimi nilikuwa nyuma yako, nimekushika mgongo. Karibu na adhuhuri ukageuza shingo, ukanitazama, halafu ukasema, "Bakari." Bakari wangu mimi. Bakari aliyekuwa Lindi kwenye mkonge, ambaye alirudi tumbo lako limeshaonekana na kila mtu. Ila hakuna aliyetaka kukumbuka hilo. Walitaka jina, wakalipata. Na mtoto akatoka muda si mrefu, wa kike, wakapiga vigelegele kwamba mnaona, ametaja, njia imefunguka. Damu yako haikusimama. Alasiri ukafa, na mikono yangu bado ilikuwa mgongoni mwako, sikuiondoa.

Mazikoni watani wenu walifanya utani wao. Mmoja akajifunga kanga, akajishika tumbo, akawa anaita, "Bakari! Bakari!" Watu wakacheka, maana ya mtani hayalipizwi. Bakari alikuwa ameshika jembe la kuchimbia kaburi lako. Aliendelea kuchimba.

Nimelifikiria sana lile jicho ulilonitupia. Ungemtaja mume wa mwingine, mkewe angekujia hapo hapo ulipolala. Ukamtaja wangu kwa sababu ulijua nitanyamaza. Uliona mzigo huu mimi naweza kuubeba. Lakini hukuniuliza, na sasa sina wa kumfokea. Nikikusema vibaya naambiwa marehemu hasemwi. Nikikutetea naambiwa nimerogwa. Nilikuchukia, Somoe. Kuna siku niliamka nikikuchukia kabla sijanawa uso.

Kwa mumeo walimkataa mtoto. Wakamwita Mashaka, wakampeleka kwa mama yako kule Narung'ombe kabla arobaini yako haijafika. Niliwahi kumwona gulioni Nanganga, ana masikio yako makubwa, na uso ni wa mumeo mtupu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini hawa wetu wana macho ya kutafutia maneno tu. Sasa ameanza kung'oka meno ya utoto. Na mama yako amefariki, Mungu amrehemu, mara tu baada ya ufuta kuvunwa. Tangu hapo mtoto analala nyumba hii leo, ile kesho, na hakuna anayemwambia karibu kula. Ndugu zako wamenitumia salamu, kwa kuwa sisi tulichezwa unyago pamoja, eti mimi ni kama mama yake.

Nikamwambia Bakari. Akasema, "Ukimleta huyo umenifunga kamba wewe mwenyewe. Watasema mke wa Bakari hazai, sasa Bakari amechukua damu yake." Ni kweli watasema. Wananisubiri. Kwa miaka yote hii mume wangu amekuwa akimwambia kila mtu kwamba hakukugusa, na mimi nikimleta mtoto nitakuwa nimewajibu kwa niaba yake. Mwanamume huyu hajawahi kuninyanyasa kwa utasa wangu hata siku moja. Hivi ndivyo nitakavyomlipa. Alichukua jembe akaenda shambani bila kunywa uji, na tangu siku hiyo tunazungumza ya chumvi na kuni tu.

Jumatatu nakwenda Narung'ombe. Usidhani nimelainishwa na vikongwe wa unga kichwani. Wala sijakusamehe. Nakwenda kwa sababu mtoto yeye hakumtaja mtu yeyote.

Nakuahidi atakula kwangu na kulala kwangu. Bakari akikaa, tutamlea wawili. Akiondoka, nitamlea peke yangu, na hilo nalo nitakuongezea kwenye ugomvi wetu. Akichezwa unyago nitakaa mimi mahali pa mama. Na uchungu wake ukifika, atakwenda misheni hata ikibidi nimbebe mgongoni, na mwanamke atakayemwinamia kumwambia ataje, nitamtoa nje kwa mikono yangu hii hii.

Kwaheri, Somoe. Mungu akusamehe. Mimi bado.

Mwenzako,
Hadija