Rial Mia Mbili, Chumba Juu Yako

Mfunguo Mosi wa mwaka jana, Ramadhani ilipokwisha tu, nilipoteza kazi niliyoijenga miaka kumi na minne, Bi Semeni, na hakuna aliyeniibia, niliitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Shikamoo, na nisaidie kuamua, maana nimechoka kujishauri peke yangu.

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Nguvumali, nilianza kwa kuosha masufuria ya watu mpaka nikawa na yangu, makubwa saba, na kila harusi nikishawalipa wasaidizi hubaki na laki mbili na nusu mkononi. Basi shemeji yangu Fadhil, kaka wa mke wangu Tausi, akapiga simu kutoka Maskati akasema, "Sabiri, hoteli inatafuta mpishi wa pilau, rial mia mbili kwa mwezi," nikazidisha hapo hapo, rial moja kama elfu sita na mia saba, nikapata milioni moja na laki tatu na arobaini, kila mwezi, iwe msimu wa harusi isiwe, nikasema bismillahi.

Sikuuliza kingine, na hapo ndipo panaponiuma, maana sisi hatuulizi: ukiitwa kupika Maramba au Tongoni, mwenye shughuli anatuma gari, anakupa pa kulala, sahani yako inatengwa kabla ya wageni, na ukijitia kuuliza "nitakula nini" utachekwa mpaka uzeeke, nami nikadhani tajiri wa hoteli naye ni mwenye shughuli. Masufuria nikamuuzia msaidizi wangu Rahimu, nikaondoka.

Kufika, chumba juu yangu, tena tunalala watu sita, rial arobaini na tano. Chakula arobaini, maana tunachopika ni cha wateja. Nauli ya kwenda kazini kumi na tano. Tiketi na viza wananikata hamsini kila mwezi. Nikabaki na hamsini, yaani harusi moja na kipande ya hapa nyumbani! Deni la tiketi lilipoisha nikarudi, na kina mama wa mtaani wakanipokea: "Haya, Mwarabu wetu karudi na begi lile lile!" Harusi zote sasa ni za Rahimu, naye akinikuta bado ananiita bosi, afadhali angenitukana.

Sasa Bi Mwanamkasi wa mtaa wa pili amenipa harusi ya bintiye, kubwa ya kwanza tangu nirudi, iko wiki tatu mbele, arubuni nimepokea na nimenunulia sufuria mbili. Juzi Fadhil kapiga tena: "Hoteli nyingine, shemeji, mia mbili na sitini! Wanataka jibu Alhamisi, wiki ijayo uwe umeshaondoka." Tausi katikati ya kaka na mume, ananiambia tu, "Wewe ndiye mwenye hesabu." Nimrudishie Bi Mwanamkasi arubuni yake niende, au nikae niitwe mwoga?

Sabiri, Nguvumali

*Bi Semeni anajibu:*

Marahaba, mwanangu, na pole ya kweli, maana hukuponzwa na tamaa, uliponzwa na adabu. Adabu hiyo inafaa kwenye harusi, kwa sababu mwenye harusi akikulaza njaa Tanga nzima itamsema. Tajiri wa Maskati atasemwa na nani? Atakupa mlichopatana, na ninyi mlipatana rial mia mbili tu.

Lakini nikugombeze. Mtu unayeweza kupima mchele wa wageni mia nne kwa jicho, unauzaje masufuria kabla hujaona mkataba? Na sasa umetajiwa mia mbili na sitini, moyo umeanza tena kwenda mbio. Toa makato yale yale, unabaki na mia na kumi. Anayekupa mia na themanini, na chumba, chakula na safari vikawa juu yake, ndiye anayekupa zaidi.

Mia na kumi ni kama harusi tatu. Huna harusi tatu kwa mwezi leo, najua. Ila ukimwacha Bi Mwanamkasi sasa hivi, hutakuwa nazo tena katika mji huu, na mwoga ndiye afadhali kuliko mtu aliyekula arubuni akapanda ndege.

Kwa hiyo arubuni hairudishwi, harusi unaipika. Sufuria usiuze hata moja. Ukiondoka, mkodishie Rahimu. Na uache kumwonea haya shemeji yako. Leo hii mwandikie, usimpigie, maana kwenye simu utaanza kuuliza hali za watoto na mtaishia hapo. Mwandikie hivi:

"Shemeji Fadhil, sitoki kabla ya harusi niliyoichukulia arubuni. Chumba, chakula, tiketi na viza ni juu ya nani? Nataka yaandikwe kwenye mkataba na niusome nikiwa hapa Tanga. Wanakubali au hawakubali? Nipe jibu kabla ya adhuhuri ya Jumatano. Ikipita adhuhuri, kazi hiyo wape mwingine."