Njano ya Kishimo cha Kwanza

Amihan, uko? Nimejifungia msalani. Gavana bado yuko ukumbini na kamera zake.

Unajua tulikuwa tunapima homoni ya mimea kwenye mbolea ya maji ya nazi ya mke wake. Unajua pia kipimo chetu kinakwenda kinyume: homoni ikiwa nyingi, rangi inafifia. Ikikosekana, njano inakolea.

Mkurugenzi wetu wa maabara, Macaraeg, hajui. Miaka kumi na moja kwenye kiti, hajui!

Kainua trei ya vishimo vya kupimia. "Mheshimiwa, tazama kishimo cha kwanza! Njano kama embe la Guimaras! Hiyo ndiyo nguvu ya mama!"

Kishimo cha kwanza, Amihan. Maji matupu, tunayoweka pale kila siku ili kulinganisha.

Kishimo chenye mbolea ya mama mwenyewe kilikuwa hakina rangi kabisa, yaani homoni tele. Mkurugenzi kakiziba kwa kidole gumba, kwa aibu.

Nikamwambia, "Daktari, hayo ni maji yaliyochujwa."

Akawageukia wageni akicheka. "Dada Marivic hajala tangu asubuhi. Mpeni tambi za pansit."

Nikapewa pansit. Kweli nakwambia.

Gavana kaagiza mapipa mia mbili kwa wakulima, "ya hicho cha njano." Cheti cha ubora kilihitaji sahihi yangu, na mkataba wangu unaisha Ijumaa.

Nimesaini. Nimeandika: "Kishimo cha kwanza: maji safi. Homoni: hakuna."

Mkurugenzi kagonga muhuri bila kusoma.

Ngoja. Namsikia gavana. Anakisoma cheti kwa sauti.