Kasuku Wasifike Gando

Omani

Kaka yangu Kombo,

Salaam nyingi zikukute mzima, weye na mama na wote wa nyumbani. Mguu wa mama umepoa, au bado anauburuza na hospitali hataki kwenda? Mie sijambo, Alhamdulillahi, ila joto la huku halina adabu. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu hapa nazungumza mbele za watu. Barua anakuletea Bi Asha wa Wete, anayerudi nyumbani moja kwa moja.

Kazi ya jikoni nimetolewa. Bosi ana shamba la kuzalishia kasuku, wale wa kijivu wenye mkia mwekundu, na mkewe aliponiona nina subira akaniweka kwenye makinda. Nawalisha uji kwa kijiko, mmoja mmoja. Usicheke! Kinda la kasuku li baya, li uchi, macho yamefumba, lakini likishaizoea sauti yako halitaki mtu mwengine. Mmoja nimemfundisha kusema "Hodi wenyewe!" Kila akisema machozi hunitoka, nauona mlango wetu.

Lakini kasuku si kuku, kaka. Hutaga mayai machache, na mwana hukaa miaka ndipo naye awe mzazi. Wateja hawangoji. Basi bosi huletewa wengine wa porini, walionaswa kwa ulimbo kwenye misitu ya bara, akawachanganya na wangu na wote akawauza kwa jina la waliozaliwa hapa. Wangu huja mkononi. Wale hujikunyata pembeni, wananguruma kwa hofu. Juzi kreti lao nilifungua mie. Waliokufa walikuwa wamewalalia walio hai. Nililia, nikaambiwa nifagie.

Sasa nasikia kinywani mwa bosi mwenyewe kuwa umekubali ndege hao wapumzishwe kwenye banda la marehemu baba, kabla ya kuletwa huku. Nilipokupigia ukanijibu, "Ndege tu, Mize, si bangi." Ebo! Ndege tu? Wakikukamata utafungwa weye, si yeye. Yeye hata jina lako halijui vizuri, anakwita "yule wa karafuu." Na mama atabaki na nani?

Banda lile nalikumbuka mpaka harufu. Msimu ukifika sote tuko juu ya jamvi tunachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, vidole vyeusi, na baba anajifanya amelala ili asikie tunavyomsengenya. Weye ulikuwa ukiniibia karafuu zangu, uonekane hodari. Mvua ikipiga bati hapana anayesikia la mwenzake, tunacheka tu, hatujui tunacheka nini. Huku nikizidiwa huingia mle kwa mawazo, nikakaa kidogo. Wallahi sina mahali duniani ninapopatamani kama pale.

Kukataa waziwazi siwezi, pasipoti yangu iko kabatini mwa bosi. Kwa hivyo nimemwambia banda limeanguka kwa mvua za masika. Akanitazama, kisha akasema sawa, mtu wake atapita huko kwetu Gando kuangalia.

Nisalimie mama, umpe khanga aliyobeba Bi Asha. Msalimie mkeo, na shangazi mshona kofia mwambie macho ayapumzishe, kofia hazikimbii. Nisalimie na jirani yetu Mzee Faki, kisha umwombe shoka.

Livunje, kaka. Huyo mtu asikute hata nguzo moja. Mabati mwezekee mama jiko. Picha usinitumie.

Mdogo wako akupendaye,
Mize